Dakika mbili za Kiingereza bila karatasi: tusifute zoezi, tufute kicheko



Kila Alhamisi baada ya chakula cha usiku kuna kopo moja la maziwa ya unga linalopitishwa mezani kwetu. Ndani yake hakuna maziwa, kuna vikaratasi vilivyokunjwa. Frateri anayetajwa jina anasimama, anachomoa kikaratasi kimoja, anasoma neno lililoandikwa, kisha analizungumzia kwa Kiingereza kwa dakika mbili, bila maandalizi na bila maandishi. Mada zenyewe ni za kawaida: mvua, baiskeli, simu ya mkononi, ugali, safari ya kwanza kwenda mjini. Dakika mbili zikitimia mtunza saa anagonga glasi kwa kijiko, na wote tunapiga makofi.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Muhula huu haikuwa hivyo. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa kwanza wa falsafa alichomoa kikaratasi chenye neno “mama”. Akaanza vizuri tu, kwa sauti ya kusikika. Lakini kwa sentensi tatu mfululizo alimtaja mama yake kwa neno “he”, ambalo Waingereza humwitia mwanamume. Kwenye sentensi ya kwanza waliguna wawili watatu. Kwenye ya tatu bwalo zima likaangua kicheko. Mwenzetu akanyamaza, akakitazama kile kikaratasi, akaketi kabla hata dakika moja haijaisha.

Baadaye, tulipozungumza naye kwa Kiswahili, alitueleza alichokuwa anakwenda kusema. Alitaka kusimulia jinsi mama yake alivyouza mbuzi wake wawili ili yeye apate nauli, godoro na viatu vya kuja seminari. Habari hiyo hatukuisikia siku ile, kwa sababu tulikuwa tunacheka. Na sisi tunaoandika safu hii hatukuwa nje ya bwalo. Tulikuwamo, na tulicheka pamoja na wengine.

Wiki iliyofuata aliomba jina lake liondolewe kwenye orodha, na wengine wanne wakamfuata. Sasa kuna wanaopendekeza zoezi lote lifutwe. Wengine wanataka kila mtu apewe mada wiki nzima kabla, aandike, kisha aje asome. Kwa heshima zote, hatukubaliani na pendekezo lolote kati ya hayo mawili. Zoezi ni zuri, ila sisi wasikilizaji ndio tulioliharibu.

Ugumu uko wapi?

Watu wengi hudhani kwamba anayekwama katikati ya sentensi hana akili ya kutosha au hakusoma. Tuangalie kinachotendeka kichwani mwa mtu anayesema. Mtaalamu wa saikolojia ya lugha kutoka Uholanzi, Willem Levelt, katika kitabu chake cha mwaka 1989 alieleza kwamba msemaji hufanya kazi tatu karibu kwa wakati mmoja: anaamua la kusema, analitafutia maneno na sarufi, kisha analitamka. Mtu mzima anayesema lugha yake kwa kasi ya kawaida hutoa kama maneno mawili au matatu kwa sekunde. Anaweza kasi hiyo kwa sababu kazi ya pili na ya tatu zinajiendesha zenyewe, na akili yake yote inabaki kwenye lile analotaka kusema.

Anayejifunza lugha hana nafasi hiyo. Kazi zote tatu zinamdai kwa pamoja. Akishughulikia wazo, sarufi inamponyoka. Akiishika sarufi, wazo linatoroka. Na huku ulimi unahangaika na sauti ambazo lugha yake haina. Sisi tumezoea silabi zinazoishia na vokali, halafu tunakutana na neno kama “strength”, lenye konsonanti tatu zilizobanana mwanzoni na nyingine zilizobanana mwishoni. Tumezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho karibu katika kila neno, halafu tunakuta lugha ambayo mkazo wake unahamahama.

Na hilo “he” lililotuchekesha lina sababu iliyo wazi. Kiswahili kinasema “yeye” kwa mama na kwa baba, na kiambishi “a-” katika “anakuja” hakitaji jinsia. Lugha nyingi za makabila yetu ziko hivyo hivyo. Kwa hiyo Kiingereza kinamdai msemaji uamuzi ambao tangu azaliwe hajawahi kudaiwa, na kinaudai papo hapo, katika kila sentensi. Hata walimu waliofundisha kwa Kiingereza miaka mingi huteleza hapo wanapochoka. Aliyeteleza siku ile hakuwa mjinga. Lugha yake ilikuwa inafanya kazi yake, ila mahali pasipo pake.

Tumetoka wapi na lugha hii

Wengi wetu tulisoma shule za msingi za serikali, kwa Kiswahili, miaka saba. Tulipoingia kidato cha kwanza, siku moja masomo yote yakageuka Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Tulijifunza kunakili ubaoni, kukariri na kujibu mtihani. Kusema hatukufundishwa. Tulidaiwa tu.

Tulidaiwa kwa namna inayojulikana. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha insha cha mwaka 1986, alieleza jinsi wanafunzi wa Kenya ya wakati wa ukoloni walivyopigwa au kuvishwa vibao shingoni kwa kosa la kusema Kigikuyu katika eneo la shule. Mambo hayo hayakuisha bendera iliposhushwa. Kati yetu wako waliopitia shule ambako aliyeponyokwa na neno la Kiswahili alipewa kitu cha kubeba, akitembea nacho mpaka amnase mwingine. Tukajifunza somo ambalo hakuna aliyekusudia kutufundisha: kama hujui Kiingereza, njia salama ni kukaa kimya.

Hata maneno tuliyoyabuni mtaani yanasema hivyo. Anayejua tunasema “anamwaga ung'eng'e”. Asiyejua, Kiingereza chake ni “cha kuombea maji”. Na anayekosea “amechapia”, na kuchapia hakusahauliki: mtu anaweza kumaliza shule akiitwa kwa neno alilolikosea kidato cha pili. Tumekuja na mizigo hiyo mpaka seminari, tukaifungua bwaloni siku ya Alhamisi.

“Waumini wetu ni Waswahili, Kiingereza cha nini?”

Hili ni pingamizi la kweli na hatupendi kulipita juu juu. Mahubiri tutahubiri kwa Kiswahili, maungamo tutasikiliza kwa Kiswahili, na huko vijijini mara nyingi kwa lugha ya kabila. Padre anayechomeka Kiingereza katika mahubiri ili aonekane msomi anawakosea waumini wake. Kama zoezi la Alhamisi lingekuwa la kutufanya tuone aibu kwa Kiswahili chetu, sisi tungekuwa wa kwanza kuomba lifutwe.

Lakini tuitazame hali yetu ilivyo. Falsafa na teolojia tunasoma kwa Kiingereza. Mitihani ya mdomo tunafanya kwa Kiingereza, na mle ndani hakuna karatasi ya kusoma. Kanisa letu liko katika AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika ya Mashariki ulioanzishwa mwaka 1961, wenye nchi kama Malawi, Zambia na Ethiopia ambako Kiswahili hakitoshi kuombea hata maji. Atakayetumwa huko kusoma au kufanya utume atahitaji kuzungumza, na watu hawatamngoja aandike kwanza.

Kuna jambo kubwa zaidi. Kusema bila maandalizi si suala la Kiingereza peke yake. Ni kazi ya padre kila siku. Yuko msibani, mzee wa ukoo anasimama na kusema, “Padre, tuambie neno.” Yuko kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti anamgeukia. Yuko wodini, na mama aliyefiwa na mtoto anamuuliza kwa nini. Hakuna atakayempa wiki nzima. Anayejizoeza kupanga mawazo haraka katika lugha ngumu, ataona nafuu atakapokuwa katika lugha yake.

Wazee wa zamani walilijua hili. Quintilianus, mwalimu wa ufasaha aliyefundisha Roma katika karne ya kwanza, aliweka mwishoni mwa kitabu cha kumi cha kazi yake kubwa sura nzima juu ya kusema papo kwa papo. Aliliona jambo hilo kuwa tunda kubwa kabisa la masomo, na alisisitiza kwamba tunda hilo halidondoki lenyewe. Linakuja kwa kuandika sana, kusoma sana na kujizoeza kila siku, na likiachwa bila mazoezi linapotea. Usione vyaelea, vimeundwa. Yule mwenzetu tunayemsifu kwa kumwaga ung'eng'e alianza kuumwaga mahali fulani, na bila shaka alianza kwa kuchapia.

“Wakikosea bila kusahihishwa, makosa yatakuwa mazoea”

Wanaotaka hotuba ziandikwe kwanza wana hoja yao. Wanasema: tukiwaacha watu waseme ovyo kila wiki, makosa yatajenga kibanda na kukaa. Ni hofu ya haki. Lakini dawa wanayoipendekeza inatibu ugonjwa mwingine. Anayesoma alichoandika anajizoeza kusoma. Hapati mazoezi ya kutafuta neno wakati watu wanamtazama, na hilo ndilo tunalokosa.

Mtafiti Merrill Swain aliwachunguza watoto wa Canada waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka kadhaa ilhali nyumbani walisema Kiingereza. Aliona kwamba walikuwa wanaelewa Kifaransa vizuri sana, lakini katika kusema na kuandika walibaki nyuma ya wenye lugha. Mwaka 1985 akatoa hoja kwamba kusikia na kuelewa hakutoshi. Mwanafunzi lazima asukumwe kutoa lugha yeye mwenyewe, maana ni wakati wa kusema ndipo anapogundua pengo kati ya anachotaka kusema na anachoweza kusema. Sisi ni ndugu wa watoto hao. Tunaelewa mhadhara wa saa nzima, lakini tukiombwa dakika mbili tunatokwa na kijasho chembamba.

Kuhusu makosa kugeuka mazoea, iko njia rahisi inayotumiwa na walimu wa lugha, ambayo Paul Nation wa New Zealand ameieneza sana. Mwanafunzi anaeleza jambo lake kwa mwenzake kwa dakika nne. Kisha anabadilishiwa msikilizaji, anaeleza jambo lile lile kwa dakika tatu. Kisha kwa msikilizaji wa tatu, dakika mbili. Mara ya kwanza anahangaika na wazo. Mara ya pili wazo ameshalipata, hivyo akili inapata nafasi ya kushughulikia maneno. Mara ya tatu anasema kwa kasi zaidi, na mara nyingi kwa makosa machache zaidi. Hakuna aliyemkatiza wala aliyemcheka. Amejisahihisha kwa kurudia.

Tunachopendekeza

Kwanza, anayeingia mwaka wa kwanza aanze kwa Kiswahili. Alhamisi zake mbili za mwanzo aseme dakika mbili kwa lugha anayoimudu. Tumegundua kwamba baadhi yetu tunakwama si kwa kukosa Kiingereza tu, bali kwa kukosa mpangilio hata katika Kiswahili. Ni vema mtu ajue kipi kinachomsumbua.

Pili, mtu apewe dakika moja ya kufikiri. Katika mtihani wa kimataifa wa Kiingereza wa IELTS, sehemu ya pili ya kusema, mtahiniwa anapewa kadi ya mada, penseli na karatasi, na dakika moja ya kujiandaa, kisha anazungumza dakika moja hadi mbili. Kama wanaopima Kiingereza duniani wanatoa dakika hiyo, sisi wa bwaloni tunaona haraka gani?

Tatu, tuwe na kiunzi cha kushikilia. Sema hoja yako kwa sentensi moja. Toa sababu. Toa mfano mmoja ulioushuhudia. Rudia hoja, uketi. Aliyepata neno “mvua” anaweza kusema kwamba mvua ya kwanza ndiyo siku kuu ya mkulima, akatoa sababu, akasimulia shamba la baba yake, akamaliza. Dakika mbili zimejaa, na hakuna aliyemngoja avumbue falsafa mpya.

Nne, kabla ya kusimama mbele ya bwalo zima, watu waseme wawili wawili kwa ile njia ya nne, tatu, mbili. Inachukua kama dakika ishirini na inawapa mazoezi watu wote, si yule mmoja tu aliyetajwa jina.

Tano, swali la kwanza baada ya hotuba liwe juu ya alichosema, si jinsi alivyosema. “Mbuzi wale aliwauza wapi?” ni swali linalomwambia msemaji kwamba alisikika. Masahihisho yaje baadaye, kwa faragha, kutoka kwa mtu mmoja, juu ya jambo moja. Anayesahihishwa mambo kumi haondoki na hata moja.

Sita, tusiweke alama. Na kama ni lazima tupime, tukumbuke kwamba hata mtihani tulioutaja unapima mambo manne kwa uzito sawa: mtiririko na mshikamano wa maelezo, msamiati, sarufi, na matamshi. Sarufi ni robo tu. Sisi tumeifanya kuwa hukumu nzima.

Saba, na hili tunalisema kwa unyenyekevu: tunawaomba walezi wetu nao waweke majina yao kwenye kopo. Siku Baba Gombera atakapochomoa kikaratasi chenye neno “baiskeli” na kutafuta maneno kama sisi, hakuna frateri atakayebaki na hofu.

Juu ya kicheko

Hatusemi bwalo liwe kimya kama kaburini. Msemaji akitoa utani, tucheke hadi machozi. Kicheko tunachokikataa ni kile cha kumcheka mtu kwa sababu ulimi wake umeteleza. Kicheko hicho hakijamfundisha mtu sarufi hata siku moja. Kimewafundisha watu kukaa kimya tu, na mtu aliyenyamazishwa hatujui alikuwa na nini cha kutuambia.

Tunasoma kwamba Musa alipotumwa alijitetea kuwa hana ufasaha wa kusema. Hakuchekwa, alipewa Haruni wa kumsaidia. Na kati ya maandishi ya Mtakatifu Augustino kuna kitabu kidogo alichomwandikia shemasi mmoja wa Karthago aitwaye Deogratias. Shemasi huyo alikuwa na sifa ya kufundisha vizuri, lakini mwenyewe alilalamika kwamba anapowafundisha wanaoanza imani, maneno yake anayaona marefu na yamepoa. Augustino, mwalimu wa ufasaha aliyebobea, akamjibu kwamba hata yeye karibu kila mara haridhiki na alichosema, kwa kuwa wazo humulika haraka kama radi na maneno huja nyuma taratibu. Akamtia moyo asijihukumu kwa kipimo hicho, maana wasikilizaji wanapata zaidi ya anavyodhani. Kama Augustino alihisi hivyo akiwa katika Kilatini chake, frateri wa mwaka wa kwanza akiwa katika lugha ya tatu anastahili subira yetu.

Tumekwenda kumwomba radhi mwenzetu. Alitupokea vizuri, akatusimulia tena habari ya mbuzi wale wawili, safari hii kwa utani kidogo. Jina lake bado halijarudi kwenye orodha, na hatumlazimishi. Tumekubaliana jambo moja kati yetu waandishi wa safu hii: Alhamisi ijayo tutatangulia sisi, mmoja baada ya mwingine, na hatutachagua mada. Tukichapia, mtusikilize mpaka mwisho.